Picha Ipewe Umbo Lake

Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi, ingawa kidonda. Msemo huo hunijia kila ninapotazama kanda za zamani za video zilizohamishiwa kwenye runinga mpya za shule na za majumbani huku kwetu Katito. Watu waliocheza ngoma wakiwa vijana wembamba huonekana wamenenepa ghafla, na vinywa vya ngoma zenyewe, ambavyo ni duara, huwa mfano wa yai. Hakuna aliyenenepa. Picha ndiyo iliyovutwa.

Chanzo cha kasoro hii ni uwiano wa upana na kimo. Runinga ilipoanza nchini Kenya mwaka 1962, picha yake ilikuwa na upana wa sehemu 4 kwa kimo cha sehemu 3, na ndivyo ilivyobaki kwa miongo mingi. Runinga za leo zina sehemu 16 kwa 9. Mitambo ya analojia ilizimwa nchini mwaka 2015, na runinga zenye kisogo kirefu zimezidi kutoweka. Lakini kanda zilizorekodiwa enzi zake hazikubadilika umbo.

Mwanafunzi wa hisabati na achukue kalamu. Nne juu ya tatu, ikizidishwa kwa yenyewe, ni 16 juu ya 9. Kwa hivyo picha ya kale ikilazimishwa kujaza kiwambo kipana, kila kitu huongezeka upana kwa thuluthi moja, ilhali kimo hubaki vile vile. Mteremko wa nyuzi 45 huonekana kama wa nyuzi 37 hivi. Mwalimu wa jiografia akiwaonyesha wanafunzi kanda kama hiyo ya miinuko ya Nyabondo, atakuwa anawafundisha mlima usiokuwepo.

Wapo mafundi wanaokwepa kuvuta, wakachagua kukata. Wao huondoa robo ya kimo cha picha ili iliyobaki ienee kiwambo chote. Sura hazinenepi, lakini katika ngoma hupotea nyayo, na katika mchezo wa kuigiza hupotea vichwa vya waliosimama. Hilo ni baya zaidi, kwani kilichovutwa chaweza kurudishwa, kilichokatwa hakirudi.

Njia ya tatu ndiyo ninayoitetea: picha iachwe katika umbo lake, na pande mbili za kiwambo zibaki nyeusi. Najua wengi hawaipendi. Aliyenunua runinga kubwa huona amepunjwa akikuta sehemu yake haina kitu. Lakini je, tulinunua kioo ili kijae, au ili tuone?

Utaratibu wenyewe si mgumu. Faili ya kiwambo kipana yenye pikseli 1920 kwa 1080 huhitaji picha ya kale ichukue upana wa 1440, na ukanda mweusi wa 240 kila upande. DVD zetu nazo zina mtego wake: pikseli zake 720 kwa 576 si za mraba. Zikigeuzwa kuwa za mraba, upana uwe 768, la sivyo watu watakonda kidogo. Kisha kagua mpangilio wa runinga yenyewe, maana baadhi huvuta picha hata kama fundi alifanya kazi safi. Kipimo cha mwisho ni rula: tafuta gurudumu la baiskeli lililopigwa picha kutoka ubavuni, upime upana na kimo chake. Vikilingana, picha ni sahihi.

Jambo hili lina uzito kwa sababu kanda huchakaa, na aghalabu hutupwa mara tu baada ya kuhamishwa. Nakala mpya ndiyo itakayobaki kuwa shahidi wa tamasha za shule zetu, harusi zetu na mazishi ya wazee wetu. Mjukuu asiyewahi kumwona babu yake ataiamini sura atakayoonyeshwa.

Kwa hivyo nawasihi walimu wanaotunza kanda za shule wamwandikie fundi maagizo kabla ya kazi kuanza: usivute, usikate. Na kanda ya asili ihifadhiwe pakavu hata baada ya nakala kupatikana. Usiache mbachao kwa msala upitao.