Safari ya Mwanafunzi Mchezaji Huanzia Kwenye Kata

Septemba 8, 2019, timu ya taifa ya Tanzania na ile ya Burundi zilitoka sare ya bao 1-1 jijini Dar es Salaam, kama zilivyotoka sare mjini Bujumbura siku nne kabla. Mshindi akatafutwa kwa mikwaju ya penalti. Burundi, jirani anayechangia na Kigoma maji ya Ziwa Tanganyika, haikufunga hata mkwaju mmoja, na Taifa Stars ikashinda 3-0 na kuingia hatua ya makundi ya kufuzu Kombe la Dunia. Aliyesimama golini siku hiyo ni Juma Kaseja, mwana wa Kigoma.

Kaseja si wa kwanza. Kabla yake walikuwapo ndugu watatu wa ukoo wa Manara, Kitwana, Sunday na Kassim, wenye asili ya mkoa huu. Sunday alisajiliwa na klabu ya Heracles ya Uholanzi mwaka 1977, wakati ambapo kucheza soka la kulipwa Ulaya lilikuwa jambo lisilofikirika kwa Mtanzania. Miaka ya 1990 akawika winga Edibily Lunyamila. Majina haya husimuliwa vibarazani Ujiji na Mwanga hadi leo. Lisilosimuliwa sana ni njia ambayo mtoto wa sasa anaweza kuipita ili naye aonekane, na njia iliyo wazi kuliko zote, isiyohitaji fedha wala kujuana, ni michezo ya shule.

Michezo hiyo ina ngazi mbili kuu: UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa shule za sekondari. Yote huendeshwa kwa mfumo wa mchujo. Wanafunzi hushindana kwanza ndani ya shule, kisha shule za kata moja hukutana, na wachezaji bora huteuliwa kuunda timu ya kata. Kutoka hapo huchaguliwa timu ya Halmashauri, ambayo hushindana na Halmashauri nyingine saba za mkoa. Timu ya mkoa ndiyo inayosafiri kwenda mashindano ya taifa, ambayo kwa kawaida hufanyika katikati ya mwaka. Mwaka 2021 yalifanyika Mtwara, na kuanzia 2022 hadi 2024 yalifanyika Tabora, safari ambayo kwa watoto wa Kigoma ni fupi kidogo kwa kuwa reli ya kati inaiunganisha miji hiyo miwili.

Jambo linalostahili kuzingatiwa ni kwamba timu inayokwenda taifani haiwakilishi shule moja. Ni kikosi cha wanafunzi waliochaguliwa mmoja mmoja kutoka shule mbalimbali. Kwa hiyo, mwanafunzi hodari kutoka shule yenye timu dhaifu bado ana nafasi, ilimradi walimu wateuzi wamemwona akicheza. Mahali pa kumwona ni kwenye kata. Manispaa ya Kigoma Ujiji ina kata 19, na katika kila kata siku za mashindano ni chache, mara nyingine mbili au tatu tu. Mtoto aliyezuiwa nyumbani siku hizo, akabaki kuanika dagaa au kulinda duka, hataonekana kwenye ngazi ya Halmashauri wala ya mkoa mwaka huo. Hakuna mchujo wa pili wa kumtafuta.

Wazazi wanaozuia watoto hawafanyi hivyo kwa ubaya. Hofu ya kwanza ni masomo, na hofu hiyo ina msingi, kwa sababu mazoezi yasiyo na ratiba hula muda wa kujisomea. Mfano mzuri wa kuyaunganisha mambo haya mawili ni Shule ya Sekondari Makongo ya Dar es Salaam, inayomilikiwa na Jeshi la Wananchi. Chini ya uongozi wa Kanali Idd Kipingu, shule hiyo ilijijengea jina kwa kuwakusanya vijana wenye vipaji, kuwasomesha na kuwafundisha mpira mahali pamoja. Mshambuliaji Jerry Tegete, aliyechezea Yanga na Taifa Stars, ni miongoni mwa waliopita hapo. Makongo haikuwa na siri kubwa. Mazoezi yalikuwa na saa zake, darasa lilikuwa na saa zake, na mwalimu wa michezo alipewa heshima sawa na mwalimu wa hesabu.

Hofu ya pili inawahusu wasichana, hasa kuhusu mavazi. Shirikisho la soka duniani, FIFA, liliruhusu rasmi wachezaji kufunika kichwa uwanjani mwaka 2014. Msichana wa Kasingirima au Buzebazeba anayevaa hijabu hana sababu ya kuachwa nje ya mpira wa miguu kwa ajili hiyo. Mzazi mwenye shaka azungumze na mwalimu wa michezo kabla ya siku ya mashindano.

Mashindano haya si mpira wa miguu peke yake. Kuna netiboli, riadha, mpira wa wavu, wa mikono na wa kikapu, pamoja na kwaya na ngoma. Kwa shule za msingi ipo pia michezo ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu, ukiwamo mpira wenye kengele kwa wasioona na soka kwa viziwi. Nafasi hizi mara nyingi hazigombewi kwa wingi, na mzazi wa mtoto mwenye ulemavu anayedhani michezo haimhusu anakosea.

Kikwazo kinachoziumiza timu kuliko vyote ni mamluki, yaani wachezaji waliozidi umri au wasiosoma shule wanayoichezea. Kila mchezaji hukaguliwa umri na usajili wake wa shule, na timu inayobainika kudanganya huondolewa na kuwaponza hata wenzake wasio na hatia. Cheti cha kuzaliwa kinachotafutwa usiku wa kuamkia ukaguzi huwa kimechelewa.

Mila ya michezo shuleni hukatika kwa urahisi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo hii ilisimamishwa nchini na ikarejeshwa katika awamu ya nne. Mwaka 2016 ilisitishwa tena ili fedha zielekezwe kwenye madawati, na mwaka 2020 haikufanyika kwa sababu ya korona. Mwanafunzi aliyekuwa kidato cha nne mwaka huo hakuwa na mwaka mwingine wa kusubiri.

Kigoma leo ina sababu nyingine ya kuwahimiza vijana. Uwanja wa Lake Tanganyika uliandaa fainali ya Kombe la Shirikisho kati ya Simba na Yanga Julai 2021. Timu ya Mashujaa imepanda Ligi Kuu na, Aprili 2024, iliitoa Simba kwa penalti katika uwanja huohuo. Mtoto wa Gungu anaweza kwenda kwa miguu kuitazama ligi ambayo zamani aliisikia redioni.

Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada na michango ya lazima katika elimu msingi, hivyo mwanafunzi hapaswi kuachwa nje ya timu kwa kukosa fedha. Ratiba ya mchujo wa kila kata hupatikana kwa Afisa Elimu Kata au kwa mwalimu wa michezo wa shule husika, na fomu ya ridhaa ya mzazi hurudishwa shuleni kabla ya siku ya kwanza ya mashindano.