Kwa Nini Wanaondoka? Sehemu ya Pili: Mshahara wa Mombasa na Riyali ya Saudia

Baada ya sehemu ya kwanza, iliyohusu mawakala wa ajira na mfumo wa kafala unaomfunga mfanyakazi kwa mwajiri wake, wasomaji kadhaa wameuliza jambo moja: ikiwa mateso ya Uarabuni yanajulikana hivi, mbona mabinti zetu bado wanakwenda? Baadhi yao wamejijibu wenyewe kwamba ni tamaa. Jibu hilo silikubali hata kidogo. Anayelitoa hajakaa chini akapiga hesabu ambayo familia za Likoni, Msambweni na Ganze hapa Pwani hupiga kila mwisho wa mwezi.

Tuipige pamoja. Baada ya nyongeza ya asilimia 6 ya Novemba 2024, kima cha chini cha mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani jijini Mombasa kilifika shilingi 16,113 na senti kwa mwezi. Hiyo ni sheria ya karatasini. Wengi wanaofua na kupika katika nyumba za watu hawaioni pesa hiyo, na hakuna afisa wa leba anayebisha hodi kuulizia. Kwa kazi hiyo hiyo, mkataba wa kawaida wa Saudia ni riyali 900 hadi 1,000. Tangu 1986 riyali imefungwa kwenye dola, riyali 3.75 kwa dola moja. Kwa hiyo riyali 900 ni dola 240, na dola ikiwa shilingi 129, hizo ni karibu shilingi 31,000. Aliyeko Jeddah analala na kula kwa mwajiri, hivyo akitaka anaweza kuutuma nyumbani karibu mshahara wote. Aliyeko Mombasa atatoa kodi ya chumba, nauli ya matatu, unga, makaa na karo ya mtoto, na tarehe kumi hana kitu.

Sasa ongeza jambo ambalo wengi hawalitazami. Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160. Dada yule yule wa Jeddah, bila kuongezewa hata riyali moja, aliona zile 900 zikigeuka shilingi 38,400 kwenye simu ya mamake. Wakati huo huo kushuka kwa shilingi kulipandisha bei ya vitu tunavyoagiza nje: mafuta, ngano, mchele. Nyumba yenye mtoto Saudia ilipata kinga, na nyumba ya jirani isiyo na mtu huko ikabeba mzigo wote. Jirani huyo aliona kwa macho yake kwamba tofauti ya nyumba mbili zilizopakana kwa ua wa makuti ni binti mmoja aliye nje. Hakuhitaji wakala kuja kumshawishi.

Huko Msambweni niliwahi kuketi na mama mmoja ambaye mwanawe ni mwaka wa pili sasa yuko Riyadh. Nikamuuliza, "Mama, kwani hakupata kazi hapa?" Akanijibu, "Alipata, mwanangu. Alifanya kazi dukani Ukunda miaka mitatu, na kila mwezi alikuwa akinikopa mimi nauli ya kurudi kazini." Tunapozungumzia uhamaji tunapenda kutaja ukosefu wa ajira peke yake. Ajira isiyomlisha aliye nayo pia huwaondoa watu, na pengine huwaondoa wengi zaidi, maana aliyefanya kazi akakosa haoni tena la kusubiri.

Hali hii haikushuka kutoka mbinguni. Kiwanda cha sukari cha Ramisi, huko huko Kwale iliko Msambweni, kilifungwa mwaka 1988. Kilikuwa na wakataji miwa, madereva, mafundi, wapishi na wenye maduka waliowauzia hao wote. Miaka iliyofuata hospitali, shule na masoko yaliyotegemea mishahara hiyo yalidhoofika pamoja nacho. Kilifi walikuwa na kiwanda cha korosho. Nacho kikafa katika miaka ya 1990. Mkulima aliyezoea kupeleka korosho zake mahali penye mizani akabaki na dalali anayekuja shambani na bei yake mfukoni. Wengine waliikata mikorosho wakachoma makaa. Serikali ilipopiga marufuku kuuza nje korosho ghafi mwaka 2009, wakulima wengi walikuwa wamekwisha kukata tamaa na zao hilo.

Halafu kuna ardhi, na hapa naomba msomaji wa bara anivumilie, kwa sababu bila ardhi huwezi kuielewa Pwani. Sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 iliwataka wenyeji wadai ardhi zao mbele ya maafisa wa kikoloni. Wamijikenda wengi, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo na haikuwa na karatasi, hawakupata kitu, na isiyodaiwa ikawa mali ya Serikali. Vitukuu vyao ndio wanaoitwa maskwota leo kwenye mashamba walikozikwa mababu zao. Skwota hawezi kwenda benki kuomba mkopo wa kuchimba kisima au kufuga kuku, kwa kuwa hana hati ya kuweka dhamana. Dhamana pekee aliyonayo ni nguvu za mtoto wake.

Utalii na bandari vilibaki kuwa tegemeo, navyo vikayumba. Mei 2014 Uingereza ilipowaonya raia wake kuhusu Mombasa, kampuni za watalii ziliwarudisha wageni makwao, na hoteli kadhaa za ufuo zikafunga milango. Reli mpya ilipoanza mwaka 2017 na baadaye Serikali ikaagiza mizigo ipelekwe bara kwa reli, madereva wa malori na makarani wa forodha walipoteza riziki. Agizo hilo liliondolewa Septemba 2022, lakini familia haisubiri miaka mitano kula.

Kwa muda mrefu wataalamu wameeleza kwa nini watu huhama hivi, na tena kwa mfano wetu. Mwaka 1964 Serikali ya Kenya, waajiri na vyama vya wafanyakazi walikubaliana: waajiri binafsi waongeze wafanyakazi kwa asilimia 10, Serikali kwa asilimia 15, na vyama visidai nyongeza. Ilitarajiwa wasio na kazi mijini wapungue. Badala yake watu wa mashambani waliposikia kuna nafasi, walimiminika mjini. John Harris na Michael Todaro, walioichunguza Kenya, walichapisha mwaka 1970 nadharia kwamba mtu huhama kwa kulinganisha anachopata na anachotarajia, hata akijua huenda asipate. Utafiti wa Michael Clemens nao umeonyesha kwamba kipato cha nchi maskini kinapoanza kupanda, wanaohama huongezeka kwanza, kwa kuwa sasa wanamudu gharama. Na kweli, maskini wa mwisho kabisa haendi Saudia. Pasipoti, cheti cha tabia njema, vipimo vya hospitali na nauli ya Nairobi vinataka mbuzi wa kuuza au zamu ya chama.

Ndiyo maana marufuku ya 2014 ya kwenda kufanya kazi za nyumbani Uarabuni haikuwazuia watu. Njia zilihamia nchi jirani, hatari ikaongezeka, na mwaka 2017 Serikali ikaruhusu tena. Leo sera imegeuka kabisa: kuna mpango wa Kazi Majuu wa kuwapeleka Wakenya kufanya kazi nje, na fedha zilizotumwa nyumbani mwaka 2024, karibu dola bilioni 4.9, zinasifiwa kwa kuzidi mapato ya chai na ya utalii. Nafurahi kwa kila mama aliyeezeka mabati kwa fedha hizo. Lakini Serikali inayojivunia wanaoondoka ina sababu ndogo ya kufufua kiwanda cha Kilifi, na hilo naliona ni kosa kubwa.

Nawaomba wabunge na wawakilishi wa wadi wa Kwale na Kilifi, bajeti itakaposomwa Juni, waulize mambo mawili kwa sauti: ni kiwanda gani cha korosho kitakachofunguliwa, na ni hatimiliki ngapi zitakazotolewa. Wasomaji nao wawadai majibu kwa majina ya mahali na tarehe.

Juma lijalo tutazungumzia madeni wanayorudi nayo.