Kuchambua

Jijini Nairobi, shuka barabara ya Outering pale ilipokuwa Taj Mall kabla haijabomolewa mwaka 2018, uingie mtaa wa Fedha jioni. Kando ya njia, mama mboga ana fungu la managu mapajani. Mkono mmoja umeshika bua, mwingine unakwanyua majani laini. La manjano chini, kikonyo chini.

“Mama, hii imechambuliwa?”

“Bado, kastoma. Nipe dakika mbili.”

Neno hilohilo ndilo wanalolivalia tai wachambuzi wa siasa kwenye runinga. Lilianzia vidoleni. Pamba huchambuliwa ili nyuzi ziachane na mbegu. Unguja na Pemba huchambua karafuu, matumba yakawekwa kando na makonyo. Tamati ile ya -ua (au -oa) tunaijua: fungua, zibua, kwanyua, ng'oa. Kilichoshikana kinaachana. (Ila usimtafutie chambua mzazi katika chamba, huko ni chooni.) Wagiriki nao walipita njia hiyo: analusis yao ni kufungua kilichofungwa. Kilatini kilichagua kazi chafu zaidi. Scrutinium, lililowapa Waingereza neno lao la uchunguzi mkali, huhusishwa na scruta, yaani matambara na takataka, kana kwamba mchunguzi ni mtu wa kufukua jalala.

Sisi jalala tumemwachia kuku: yeye ndiye apekuaye, na polisi akamfuata. Kukagua ni kazi ya jicho. Mkaguzi hupita, huangalia, hutia sahihi. Kuhakiki kumetoka Kiarabu, katika ukoo mmoja na haki na hakika, kwa hiyo mhakiki huja na mizani mkononi. Mimi nampenda zaidi mchambuzi, kwa sababu hawezi kufanya kazi bila kugusa.

Ndiyo maana mwanafunzi wa kidato cha nne akiambiwa achambue maudhui ya riwaya, kisha akasimulia hadithi mwanzo hadi mwisho, mwalimu humnyima alama. Amemuuzia fungu zima, mabua na yote.

Hata hivyo, kinachotengwa si lazima kiwe taka. Kule Pemba makonyo hayatupwi, hupelekwa kiwandani Wawi yakatolewa mafuta. Hapa Fedha, mabua ya managu yanatiwa kwenye gunia kuukuu. Nilimuuliza mama ni ya nini. “Ya sungura wa jirani,” akasema, bila kuinua macho.