Petroli, esanse na maji

Katika soko la Kasongo petroli ya taa huuzwa kwa chupa, na kando yake esanse ya pikipiki, mara nyingi katika chupa za namna moja. Tunataka kueleza jamaa ya mafuta hayo, maana kutoijua kunaunguza watu.

Sehemu yao kubwa ni alkani, yaani vitu vya kaboni na hidrojeni tu, kaboni zikifuatana kama shanga katika uzi. Metani ina kaboni 1, nayo ni hewa. Esanse ina 4 mpaka 12 hivi, petroli 10 mpaka 16 hivi. Nta ya mshumaa inapita 20, nayo ni ngumu. Mwaka 1830 Mjerumani Reichenbach aliiita nta hiyo parafini, toka Kilatini *parum affinis*, ndiyo kusema: isiyo na udugu mwingi. Waseminari wetu watafurahi kukuta Kilatini chao hata dukani.

Jina ni la kweli. Mama zetu huchemsha mawese na maji ya majivu, wakapata sabuni, petroli haitageuka sabuni kamwe (wala mtu asijaribu karibu na moto!). Klori huishika kwa msaada wa mwanga wa jua. Lakini oksijeni, ikipata cheche, huila yote: metani 1 na oksijeni 2 huzaa gazi kaboniki 1 na maji 2, pamoja na joto jingi. Hewa ikipunguka chumbani, huzaliwa masizi na sumu isiyo na harufu.

Maji nayo hayaipokei. Chembe zake hushikana zenyewe kwa nguvu, na petroli, iliyo nyepesi, huelea juu. Basi taa ikianguka, mtu akamwaga ndoo ya maji, moto hupanda juu ya maji na kutembea nayo mpaka mkekani. Mwaga mchanga, au funika kwa blanketi nzito iliyolowa.

Esanse na petroli, kwa kuwa ni ndugu, huchanganyika kabisa, macho yasitambue. Petroli safi kwa kawaida haitoi mvuke wa kutosha kuwaka kabla ya joto la digri 38. Esanse huutoa hata katika baridi ya digri 40 chini ya sifuri. Kikombe kidogo cha esanse chatosha kujaza taa mvuke unaongoja kiberiti. Anayechanganya kwa faida, tunamwambia wazi: anauza moto. Asiyekusudia naye atenge vyombo vya kupimia, na chupa iliyotiwa esanse isitiwe petroli tena.