Hewa ya Ukaa na Sahani ya Runzewe

Hewa ya ukaa ni malighafi ya mmea: jani huivuta na kuigeuza kuwa sukari na wanga kwa nguvu ya jua. Kabla ya enzi ya viwanda ilikuwa sehemu 280 hivi katika kila sehemu milioni za hewa. Sasa imepita 420. Mazao mengi hukua upesi zaidi kwa sababu hiyo, ila punje huwa na wanga mwingi na madini haba. Tena, hewa hiyo ikizidi, vitundu vya majani hujifumba kiasi, mmea hupoteza maji machache, na mizizi huvuta maji machache pamoja na madini yaliyomo.

Mwaka 2014 watafiti wakiongozwa na Samuel Myers walilinganisha mazao ya mashamba ya Japani, Australia na Marekani yaliyopulizwa hewa ya ukaa ya kiwango kinachotarajiwa karne hii. Ngano ilipungukiwa zinki kwa asilimia 9 na chuma kwa 5; mchele kwa 3 na 5.

Huko Runzewe, wilayani Bukombe, mahindi, mtama na ulezi vimenusurika kwa sehemu kubwa, kwani majani yake yana namna yake ya kulimbikiza hewa ya ukaa. Faraja yenyewe ni ndogo. Sembe imekwisha kobolewa kiini na pumba, na dona ina faitati, kemikali inayoyashika madini yasifyonzwe tumboni. Mla ugali hupata madini kwenye mboga, na kwa wengi mboga ni maharage. Ndugu zake, njegere na soya, hazikupoteza protini nyingi katika majaribio ya Myers, maana bakteria wa mizizini huzipa naitrojeni. Zinki na chuma vilishuka.

Muhogo una ubishi. Jaribio la mwaka 2009 la mihogo ya kwenye vyungu lilionyesha mizizi ikipungua na sumu ya sianidi ikiongezeka majanini, habari mbaya kwa walaji wa kisamvu. Lile la shambani nchini Marekani, la 2012, lilipata mizizi mizito karibu maradufu bila sumu kuzidi. La shambani lina uzito zaidi: muhogo hauna nafasi ya kunenepa chunguni.

Dagaa wa Ziwa Victoria huongeza chuma na zinki zinazofyonzwa kwa urahisi. Kuloweka maharage na kuchachusha unga wa uji hupunguza faitati, hivyo madini yaliyobaki hufaa zaidi mwilini.