Treni ya Lamu Ikianguka, Nani Atachunguza?

Kisiwa cha Manda hakina reli. Kina uwanja wa ndege, kina magofu ya Takwa, kina mikoko, na ng'ambo ya maji, upande wa Kililana, kina jirani mpya: bandari ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilizinduliwa Mei 20, 2021. Bandari hiyo ni kipande kimoja tu cha mradi wa miundombinu wa LAPSSET uliozinduliwa Machi 2, 2012. Kipande kingine ni reli ya kutoka hapo hadi Isiolo, kisha Sudan Kusini na Ethiopia. Reli yenyewe ingali kwenye makaratasi, na kwa maoni yangu hiyo ni bahati. Inatupa nafasi ya kuuliza mapema jambo ambalo kwetu huulizwa maiti zikiwa zimeshazikwa: treni ikiacha njia, nani atachunguza, na atakuwa anamtumikia nani?

Abiria anayeshuka Manda kwa ndege hana haja ya kuuliza hivyo. Tangu 1951 dunia ina kanuni ya pamoja, Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, inayosema wazi kwamba uchunguzi wa ajali ya ndege ni wa kuzuia ajali nyingine, na kazi ya kugawa lawama ni ya wengine. Ripoti ya awali hutakiwa ndani ya siku 30. Kenya ina idara maalumu ya kazi hiyo katika wizara ya uchukuzi.

Matunda ya utaratibu huo Wakenya wameyaona katika msiba wao wenyewe. Usiku wa Mei 5, 2007, ndege ya Kenya Airways iliruka kutoka Douala, Cameroon, ikiwa na watu 114. Haikumaliza dakika mbili hewani. Ilianguka kwenye kinamasi cha mikoko kilomita chache tu kutoka uwanjani, na bado ilichukua karibu siku mbili kuipata. Anayeijua mikoko ya Lamu hatashangaa. Ripoti ya 2010 ilieleza kwamba rubani aliamini mtambo wa kujiendesha umeshika ndege, kumbe haukushika, na ndege ikalalia upande wa kulia polepole gizani bila marubani kutambua kwa wakati. Haikuwarudisha waliokufa, lakini iliwapa marubani wa dunia nzima kitu cha kufundishwa.

Reli inahitaji subira ya namna hiyohiyo, ila ushahidi wake umelala chini kwenye kokoto. Mchunguzi mzuri hakai sana pale yalipolundikana mabehewa. Huyapa mgongo, akatembea kandokando ya njia kuelekea ilikotoka treni, akitafuta alama ya kwanza: mkwaruzo juu ya reli pale ukingo wa gurudumu ulipopanda, au taruma la kwanza lililopasuka. Yaliyo baada ya alama hiyo ni matokeo, na chanzo hutafutwa kabla yake. Hapo ndipo hupima upana baina ya reli mbili, milimita 1,000 kwa njia ya zamani ya Mombasa na Nairobi, 1,435 kwa reli mpya ya SGR. Hutazama kama reli moja imezama kuliko mwenziwe, kama mataruma yameoza, kama magurudumu yamelika. Mwenzake anasoma kinasa cha kwenye injini: kasi ilikuwa kiasi gani, breki zilishikwa wakati gani. Mwingine yuko stesheni na daftari la zamu, anataka kujua dereva alikuwa amefanya kazi saa ngapi bila kulala.

Kazi hiyo ina adui mmoja mkubwa, nayo ni haraka ya kufungua njia. Kila saa reli inapofungwa, mizigo inasubiri na fedha zinapotea, kwa hiyo winchi huletwa upesi. Likiinuliwa behewa kabla alama hazijapigwa picha na kupimwa, nusu ya ushahidi huondoka nalo. Ndiyo maana mwenye treni hafai kuwa ndiye msimamizi wa uchunguzi, hata akiwa mtu mwaminifu.

Tazama Igandu, mkoani Dodoma. Juni 24, 2002, treni ya abiria yenye watu zaidi ya 1,200 ilipatwa na hitilafu ya breki kwenye mlima, ikarudi kinyumenyume kwa kasi na kugonga treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Kusema "breki zilikatika" ni kuufungua uchunguzi tu. Breki ya hewa ya treni ni kinyume cha ile ya baiskeli: hewa iliyojaa katika bomba ndiyo inayoiachia, na hewa ikipungua hujibana yenyewe. Kwa hiyo ikishindwa, lazima kuulizwe valvu zilikuwaje, nani alizijaribu kabla ya safari, breki za mkono zilifanya kazi au la, na treni nyingine ilikuwa na sababu gani ya kuwa karibu hivyo. Kila swali linabisha mlango wa ofisi tofauti, na milango mingine iko juu sana.

Au tazama Ngai Ndethya, Januari 1993, ambako daraja la reli ya Mombasa na Nairobi lilishindwa na mafuriko na zaidi ya watu 100 wakafa. Hilo linatuhusu sisi wa Lamu moja kwa moja. Mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 zilikata barabara ya Lamu na Garsen. Reli itakayopita nyanda hizi itakutana na maji hayohayo.

Wengine wamekwisha kulifikiria jambo hili. Uingereza, baada ya watu 31 kufa Ladbroke Grove, London, Oktoba 1999, iliunda ofisi huru ya uchunguzi wa ajali za reli iliyoanza kazi 2005. India ilikwenda njia ya ajabu kidogo, na mimi naipenda: tume yake ya usalama wa reli iko chini ya wizara ya usafiri wa anga, ili wakubwa wa reli wasiwe mabosi wa wanaowachunguza. Marekani bodi moja hushika ndege, treni na meli.

Polisi wabaki na kazi yao. Mlevi akiendesha treni, ashtakiwe. Lakini maelezo ya dereva kwa mchunguzi yasigeuzwe kuwa hati ya mashtaka, maana akijua hivyo atanyamaza, na kosa lililomnasa litamsubiri wa zamu inayofuata.

Kenya haihitaji kujenga jumba jipya kwa hili. Idara ya ajali za ndege ipo. Ipewe sheria, wahandisi wa reli na manahodha, na iondolewe chini ya wizara. Manahodha nawataja kwa makusudi. Sheria yetu imeipa Mamlaka ya Bahari kazi ya kusimamia usalama wa vyombo, na ikaipa hiyohiyo kazi ya kuchunguza vinapozama. Abiria wa Manda anaanza kuuishi upungufu huo anapoondoka uwanjani na kuteremka gatini, kabla hata boti haijang'oa nanga kwenda Lamu.