Kisu kimepunguza tumbo, mazoea je?

Ndugu msikilizaji, wiki hii nataka tuzungumzie jambo ambalo zamani tulilihesabu kuwa la watu wa Ulaya na Marekani tu. Nalo ni upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula kwa watu walionenepa kupita kiasi. Siku hizi si lazima mtu apande ndege kwenda India. Hospitali ya Taifa Muhimbili, katika tawi lake la Mloganzila pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam, ilianza kutoa huduma za kupunguza uzito tangu mwaka 2022, kwanza kwa kuwekea watu puto tumboni, na upasuaji ukafuata.

Lakini leo safari yetu haiishii Mloganzila. Inaendelea hadi Korogwe na Handeni, kwa sababu mgonjwa wa namna hii hulala wodini siku chache tu, kisha hupanda basi akarudi kwake. Anarudi kwenye jiko lile lile, genge lile lile, harusi zile zile na majirani wale wale. Swali langu ni hili: huko anakorudi, nani anamsaidia asirudi alikotoka?

Tuanze na upasuaji wenyewe. Si jambo jipya. Daktari Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, alianza kuufanya mwaka 1966. Leo kuna aina mbili zinazofanywa zaidi duniani. Katika ya kwanza, daktari hukata na kuondoa karibu asilimia 80 ya tumbo la chakula, likabaki jembamba mfano wa ndizi. Katika ya pili, sehemu ya juu ya tumbo hutengwa ikawa kifuko kidogo, na kifuko hicho huunganishwa na utumbo mdogo, ili chakula kipite njia ya mkato. Puto si upasuaji. Aina nyingi huingizwa kwa kupitia mdomoni, hukaa tumboni miezi 6 au 12 kutegemea aina yake, kisha hutolewa.

Je, njia hizi zinafaa? Bila shaka zinafaa. Nchini Sweden ulianza utafiti mkubwa mwaka 1987, ukafuatilia watu 2,010 waliofanyiwa upasuaji na wengine 2,037 wanene kama wao ambao hawakufanyiwa. Waliofanyiwa walipungua sana, na vifo miongoni mwao vilikuwa vichache kuliko kwa wenzao. Hata hivyo, takwimu hizo zina upande wa pili ambao wengi hawausikii. Waliopata ile njia ya mkato walipungua kwa wastani wa asilimia 32 katika mwaka wa kwanza au wa pili. Baada ya miaka 10, upungufu uliobaki ulikuwa asilimia 25. Maana yake ni kwamba mtu wa kilo 120 alishuka hadi kilo 82 hivi, halafu akapanda taratibu hadi 90. Na huo ni wastani. Wapo waliopanda zaidi ya hapo.

Kwa nini uzito unarudi ilhali tumbo limekatwa?

Miezi 12 hadi 18 ya mwanzo ni fungate. Sehemu ya tumbo inayoondolewa ndiyo hutoa kwa wingi homoni ya njaa iitwayo ghrelini, kwa hiyo mtu hana hamu kubwa ya kula, anashiba kwa vijiko vichache, na kilo zinaporomoka zenyewe. Halafu fungate inakwisha. Njaa inaanza kurudi. Tumbo lililobaki linatanuka kiasi. Mwili uliokuwa mkubwa umekuwa mdogo, na mwili mdogo hutumia chakula kidogo zaidi, hivyo sahani iliyomtosha mtu mwaka jana mwaka huu inamnenepesha.

Kuna na ujanja mwingine wa mwili ambao kisu hakiwezi kuuzuia. Tumbo dogo huzuia ugali, lakini halizuii soda. Vitu vya majimaji hupita upesi bila kushibisha. Chupa ya soda ya mililita 350 ina sukari inayokaribia vijiko tisa vya chai. Mtu anayeshindwa kumaliza nusu sahani ya wali anaweza kunywa soda tatu, juisi ya miwa na chai ya sukari nyingi tangu asubuhi hadi jioni, wala asijisikie ameshiba. Na yule anayedonoa kidogo kidogo kutwa nzima, kitumbua hapa, karanga pale, anaweza kula zaidi ya aliyekaa mezani mara tatu.

Sasa twende Korogwe. Ni mji wa njia kuu. Mabasi ya Dar es Salaam, Moshi na Arusha hupita hapo, na penye basi pana chipsi, mayai, kuku wa kukaanga na kreti za soda. Kutoka Manundu kwenda popote mjini kuna bodaboda inayokungoja mlangoni. Zamani watu walikwenda kwa miguu shambani na sokoni, na miguu hiyo ilikuwa mazoezi bila mtu kuyaita mazoezi. Mabadiliko haya si ya Korogwe peke yake. Katika utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 1991 na 1992, wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 waliozidi uzito walikuwa asilimia 11. Mwaka 2015 na 2016 walikuwa asilimia 28.

Ukipanda Handeni, kilomita 65 kutoka Korogwe, utakuta jambo jingine. Kwetu unene ni heshima. Mtu akinenepa tunasema amenawiri, maisha yamemkubali. Akikonda tunanong'ona. Miaka ya ukimwi ilitufundisha kumtazama aliyekonda kwa jicho baya, na jicho hilo bado tunalo. Basi fikiri mama aliyetoka hospitali na kupungua kilo 30 katika miezi sita. Shangazi atakuja kutoka Mkata, atamwona, atashika mdomo: "Mwanangu, umekwisha! Nini kimekupata?" Jioni ataletewa sahani ya pilau na nyama ya mbuzi, na asipoimaliza ataambiwa anaringa, au anaumwa na anaficha. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Mgonjwa huyu ni wa kuulizwa, tena kabla chungu hakijabandikwa jikoni.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Hawashindwi kwa uvivu. Wanashindwa kwa sababu ya upendo wa jamaa unaopimwa kwa ukubwa wa sahani. Ndiyo maana ni vizuri mume, mke, mama au yeyote anayeshika mwiko nyumbani afuatane na mgonjwa kwenda kumsikiliza daktari. Akiwa amesikia kwa masikio yake, atakuwa mlinzi badala ya mshawishi.

Chakula kinachofaa hakitoki dukani kwa Wazungu. Kipo hapa hapa. Wataalamu hushauri angalau gramu 60 za protini kwa siku, ili mwili uchome mafuta usichome misuli. Yai moja lina gramu 6 hivi. Maharage, dagaa, perege, kuku na maziwa mgando visivyotiwa sukari vinaongezea. Mboga zinazoteremka kutoka Lushoto, pamoja na mchunga na kisamvu vya kwetu, zinafuata. Ugali uwe wa mwisho, matonge mawili matatu. Mtu atafune sana, ale polepole, na asinywe maji pamoja na chakula. Asubiri kama nusu saa. Kati ya milo anywe maji kidogo kidogo kutwa, yafike lita moja na nusu au zaidi. Handeni, ambako shida ya maji ni hadithi ya miaka mingi na jua ni kali, jambo hili linahitaji kupangwa tangu asubuhi.

Wasikilizaji Waislamu huuliza kuhusu Ramadhani. Katika miezi ya mwanzo tumbo haliwezi kupokea kwa mkupuo maji ya kutosha kati ya futari na daku. Kwa hiyo mgonjwa asifunge kabla ya kuzungumza na daktari wake, na dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa.

Yapo pia mambo ambayo si ya uzito, bali ya uhai. Aliyekatwa tumbo anahitaji vidonge vya vitamini na madini maisha yake yote: vitamini B12, vitamini D, madini ya chuma na kalsiamu. Wengi huviacha baada ya mwaka kwa kuwa wanajisikia wazima. Upungufu huja kimyakimya, kwanza uchovu na kizunguzungu, kisha ganzi miguuni. Anayetapika siku kadhaa mfululizo awahi hospitali, kwani kukosa vitamini B1 kunaweza kudhuru ubongo na mishipa ya fahamu katika wiki chache. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari lazima dozi yake ipimwe upya, maana sukari inaweza kushuka ghafla. Aliyepata ile njia ya mkato aepuke dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini bila idhini ya daktari, kwa sababu huleta vidonda. Na pombe humpanda kichwani haraka kuliko zamani. Mwanamke asubiri miezi 12 hadi 18 kabla ya kubeba mimba.

Haya yote hayahitaji safari ya Dar es Salaam kila mwezi. Hospitali ya Magunga pale Korogwe, hospitali ya Handeni, na Bombo mjini Tanga zina watu wanaoweza kupima damu, presha na sukari. Kinachotakiwa ni mgonjwa kutoka Mloganzila, au kokote alikofanyiwa, akiwa na barua inayoeleza alichofanyiwa, vidonge anavyopaswa kutumia na vipimo vya kila miezi. Daktari wa Handeni hawezi kukisia kilichokatwa tumboni mwa mtu. Msikilizaji, usiondoke wodini bila barua hiyo, na itunze kama hati ya kiwanja.

Mwaka 1994 watafiti wa Marekani, Rena Wing na James Hill, walianzisha daftari la watu waliopunguza angalau kilo 13 na kukaa hivyo kwa mwaka mzima au zaidi. Wengi wao hawakupasuliwa. Walipoulizwa siri yao, hakuna aliyetaja muujiza. Robo tatu walijipima angalau mara moja kwa wiki. Tisa katika kila kumi walifanya mazoezi, wastani wa saa moja kwa siku, na wengi wao walitembea tu. Karibu wanane katika kumi walikula kifungua kinywa kila siku. Ni mambo madogo, ila waliyafanya Jumatatu, na Jumanne, na mwaka uliofuata.

Profesa Mohamed Janabi, aliyeiongoza Muhimbili kabla ya kwenda kuongoza ofisi ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2025, alitaniwa sana alipowahimiza Watanzania wapunguze sukari na wanga. Tulicheka, kisha tukaagiza chipsi. Aliyefanyiwa upasuaji hana nafasi ya kucheka hivyo, kwa sababu amekwisha kulipa kwa fedha na kwa mwili wake.

Basi kama unaye ndugu aliyetoka kwenye upasuaji huu, usimwambie amekwisha. Mwulize ameshakunywa vidonge vyake leo. Jioni jua likipoa, badala ya kumwitia bodaboda, fuatana naye kwa miguu. Kilo zikianza kurudi mbili tatu, asijifiche kwa aibu. Arudi kliniki mapema, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta. Daktari alifanya kazi yake kwa saa chache. Kazi iliyobaki ni ya kila siku, na haifanywi na mtu mmoja.